Niliandika "Betri Nzima"

Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nikiandika maneno mawili, "betri nzima", kwenye madai ya waendesha bodaboda ambao betri zao zilikuwa zimekwisha. Niliyaandika nikiwa na shahada ya uhandisi wa umeme, nikiwa na modeli ya akili mnemba niliyoitengeneza kwa mikono yangu, na nikiamini kabisa kwamba nasema kweli. Majuma ya mwisho ya kipindi hicho niliyaandika huku najua kuna kasoro, kwa sababu niliogopa kusema. Nitayaeleza yote mawili, lakini hili la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Nilifanya kazi hiyo katika kampuni moja ya pikipiki za umeme jijini Dar es Salaam. Sitaitaja, maana kosa ninaloliungama lilitoka kwenye meza yangu. Utaratibu wake ulikuwa ule unaojulikana na kila mtu wa kijiweni: dereva anachukua pikipiki ya mkataba, analeta hesabu, yaani malipo yake, kila siku, na siku mkataba unapoisha chombo kinakuwa chake. Tofauti na pikipiki ya petroli ilikuwa betri. Betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye pikipiki ya umeme, na inazeeka hata ukiitunza. Mkataba ulisema kwamba uwezo wa betri ukishuka chini ya asilimia 80 kabla muda haujaisha, kampuni inaibadilisha bure. Ukiwa juu ya 80, dereva anaendelea na betri yake na anaendelea kuleta hesabu ileile. Riziki ya mtu ikawa inategemea namba moja, na kazi ya kuitoa namba hiyo nikapewa mimi.

Njia ya uhakika ya kuipata ni moja. Unaichaji betri hadi ijae kabisa, unaishusha kwa mkondo usiobadilika hadi ifike chini kabisa, unahesabu ampea-saa zilizotoka. Inachukua saa kadhaa, na saa hizo zote dereva amekaa kwenye benchi hana kazi. Ukiwa na pikipiki mia kadhaa barabarani, hakuna bosi atakayekubali upime hivyo kila mwezi. Ndiyo maana watu wanatafuta njia ya kuujua uzee wa betri kwa kusoma tu dalili zake wakati inafanya kazi.

Betri zetu zilikuwa za lithiamu yenye fosfeti ya chuma. Ni aina imara, haishiki moto kirahisi, na haihitaji kobalti wala nikeli. Ina tabia moja inayosumbua: volti ya kila seli inakaa kwenye 3.2 au 3.3 karibu safari nzima, tangu betri inapopungua kidogo tu baada ya kujaa hadi inapokaribia kuisha. Huwezi kuitazama volti katikati ya safari ukajua kilichobaki. Kwa hiyo ndani ya kasha kuna bodi ya kusimamia betri, BMS, inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kisha inatoa namba mbili: chaji iliyobaki, na "afya" ya betri kwa asilimia. Hiyo asilimia ya afya ilionekana kwenye simu ya dereva na kwenye kompyuta zetu ofisini. Yalikuwa makadirio ya bodi, na mimi niliyachukua kuwa kipimo.

Nilikuwa na sababu ya kuamini kwamba hesabu inaweza kuona uzee wa betri mapema kuliko jicho. Mwaka 2019 Kristen Severson, Peter Attia na wenzao wa MIT, Stanford na Toyota Research Institute walichapisha kazi iliyotikisa fani hii. Walichukua seli 124 za aina yetu, ndogo, za ampea-saa 1.1, wakazichaji haraka kwa namna mbalimbali ndani ya makabati yenye joto la nyuzi 30. Nyingine zilifika mwisho wa maisha yake, yaani asilimia 80 ya uwezo, baada ya mizunguko 150 tu. Nyingine zilikwenda hadi 2,300. Seli za mtengenezaji mmoja, za namna moja, na maisha yakapishana kiasi hicho. Wakaonyesha kwamba kwa data ya mizunguko 100 ya kwanza, wakati nyingi bado hazijaonyesha kupungua hata kidogo, unaweza kutabiri maisha ya seli kwa kosa la wastani wa asilimia 9.1. Siri ilikuwa kwenye umbo la volti wakati seli inashushwa. Ukilinganisha mzunguko wa 100 na wa 10, mabadiliko madogo sana kwenye mstari huo yanakueleza kinachoendelea ndani kabla uwezo haujaanguka. Na hawakutumia mtandao wa neva, ile akili mnemba yenye tabaka nyingi za hesabu. Hesabu yao ilikuwa nyepesi mno. Mwaka uliofuata baadhi yao wakatumia utabiri wa namna hiyo kuchuja njia 224 za kuchaji kwa dakika 10. Kazi ambayo kwa kungoja seli zife ingechukua zaidi ya siku 500, waliimaliza kwa siku 16.

Faida kubwa ya utabiri huu iko kwa wanaotengeneza seli zenyewe. Ndani ya seli, lithiamu inakwenda na kurudi kati ya kathodi na anodi, na anodi imetengenezwa kwa kinywe (grafiti), madini yaleyale yaliyoko Mahenge na Lindi. Chaji za kwanza kabisa zinavunja elektroliti kidogo kwenye uso wa kinywe, na mabaki yake yanaacha utando mwembamba. Utando huo unaihami seli. Bila utando huo elektroliti ingevunjika bila kikomo. Lakini hauachi kukua, na kila unapokua unameza lithiamu ambayo ingebeba umeme. Joto linauharakisha. Ukichaji kwa pupa, lithiamu inashindwa kuingia ndani ya kinywe na inaganda juu yake kama metali. Jeff Dahn wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, ametumia miaka mingi kupima upotevu huu kwa usahihi mkubwa, na ukipiga hesabu unaona kwa nini. Kila mzunguko ukimeza sehemu 1 katika 1,000 ya lithiamu, baada ya mizunguko 1,000 umebaki na takriban asilimia 37. Upotevu huo ukiupunguza hadi sehemu 2 katika 10,000, unabaki na takriban 82. Hapo ndipo wakemia wanapohangaika. Wanatia kiongezi kama vinilini kaboneti kwenye elektroliti, asilimia chache tu, ili utando uwe mgumu kukua. Wanabadilisha umbo la chembe za kathodi zisipasuke. Kundi la Dahn liligundua kwamba hata utepe wa plastiki unaoshikilia seli ndani unaweza kuoza kikemikali ukaifanya betri ijimalize chaji ikiwa imelala. Mtu aliyebadilisha kitu kidogo kama hicho, bila utabiri anangoja miaka kujua kama amesaidia au ameharibu.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayafundisha vijana waliokuja kujitolea ofisini kwetu.

Nikaunda mtandao wa neva. Niliulisha kila kilichotumwa na BMS: volti, mkondo, joto, idadi ya mizunguko, muda wa kuchaji. Jibu nililoutaka ujifunze kulitabiri ni ile asilimia ya afya. Nikazikusanya rekodi zote za betri zote, nikazichanganya, nikazigawa kwa bahati nasibu, sehemu kubwa ya kufunzia na iliyobaki ya kupimia. Wenye fani hii wameshaliona kosa la kwanza. Betri moja ina maelfu ya rekodi, kwa hiyo rekodi yake ya asubuhi iliangukia upande wa kufunzia na ya jioni upande wa mtihani. Nilikuwa mwalimu anayetunga mtihani kwa maswali yaleyale aliyowafanyisha wanafunzi mazoezi darasani, kisha anatembea kifua mbele kwa ufaulu wa shule yake. Ilipasa baadhi ya betri zitengwe pamoja na rekodi zake zote, zisionekane kabisa wakati wa kufunza.

Kosa likawa chini ya asilimia 1. Badala ya kushtuka, nilifurahi. Kwenye kikao cha wakubwa niliweka slaidi yenye namba mbili: wao 9.1, sisi chini ya 1. Namba hizo hazilinganishwi. Wenzetu walitabiri maisha yote ya seli wakiwa mwanzoni mwa safari. Mimi nilikuwa naulizia afya ya leo kwa kutumia data ya leo. Nililijua hilo wakati natengeneza ile slaidi. Niliiacha kwa sababu ilipendeza, na baada ya kikao hicho hakuna aliyewahi tena kuuliza namba zangu zinatoka wapi. Tangu siku hiyo dai la dereva likifika, modeli ikisema afya iko juu ya 80, jibu lilikuwa limekwisha kupatikana.

Mtu wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa fundi mkuu wa karakana yetu, mtu mzima aliyeanza na betri za asidi za malori mimi sijazaliwa. Alinikuta mezani, mkononi ana karatasi.

"Mwanangu, hii kompyuta inasema tisini na moja. Mimi nimeishusha tangu asubuhi, imetoa ishirini na nane."

Ilikuwa betri ya ampea-saa 40. Ishirini na nane ni asilimia 70.

"Labda chaja haikuijaza vizuri, fundi."

"Imejaa. Seli zote zimefika tatu nukta sita tano, nikasubiri mpaka mkondo ukaisha."

"Basi hicho kifaa cha kushushia kitahitaji kukaguliwa. Samahani, fundi, lakini hapa nina data ya betri mia kadhaa."

"Haya, mwanangu," akasema, akarudi karakanani.

Kile kifaa sikukikagua, wala sikumwomba aishushe betri nyingine. Nilikuwa na dharau ambayo sikuwa naijua, dharau ya mtu wa kompyuta kwa mtu wa waya na lehemu. Naitaja waziwazi kwa sababu bila dharau hiyo kosa langu lingeisha wiki ile.

Kisha akaja dereva mmoja wa Buguruni. Wengi walituma madai kwa simu, yeye alikuja mwenyewe, kofia ya pikipiki mkononi, akaniamkia kwa adabu.

"Dada, zamani nilikuwa naenda Pugu narudi, naenda tena. Sasa hivi nikienda Pugu, kurudi nikifika Gongo la Mboto naisukuma. Abiria ananishukia njiani."

Nikafungua skrini. Ilisoma 88. Nikamgeuzia aione.

"Namba naiona, dada. Lakini mimi ndiye naisukuma."

Nikamuuliza kama anabeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Akasema hakuna asiyebeba, ila mwaka jana alikuwa akibeba vilevile na Pugu alikuwa anaenda na kurudi. Hiyo ilikuwa hoja kamili. Dereva alikuwa amenipa jaribio safi la kisayansi: barabara ileile, mzigo uleule, pikipiki ileile, kilichobadilika ni muda. Nikaandika: mzigo kupita kiasi, betri nzima. Akatoka. Aliacha risiti zake za hesabu mezani kwangu, akarudi kuzichukua mlangoni, akaniomba radhi kwa usumbufu.

Wakati huohuo nilikuwa nafanya jambo jingine ambalo nililipenda zaidi kuliko madai. Tulikuwa na betri za wauzaji wawili. Muuzaji wa pili alitwambia kwamba elektroliti yake ina kiongezi kipya kinachovumilia joto. Kwangu hii ilikuwa ndoto: kutumia data ya barabara za Dar es Salaam kusema ni kemia gani inayofaa Dar es Salaam. Modeli ikaonyesha betri za muuzaji wa pili zinazeeka taratibu zaidi, tofauti kubwa isiyo na shaka. Nikaandika ripoti. Nikaeleza utando wa kwenye kinywe, nikaeleza joto la kaskazi na jinsi kiongezi kile kinavyoweza kuwa kinaukaza utando usikue. Maelezo yalikuwa mazuri na kila sentensi ya kemia ilikuwa sahihi kwenye vitabu. Kampuni ikaagiza mzigo mpya kwa kutegemea ripoti hiyo.

Nilipokuwa naandaa michoro ya ripoti ya pili, nikachora mchoro ambao ilinipasa kuuchora siku ya kwanza kazini. Idadi ya mizunguko chini, afya pembeni, betri zote kwa pamoja. Nilitarajia wingu la nukta. Ikatokea mistari miwili iliyonyooka kama imepigwa rula. Betri zote za muuzaji wa kwanza zilikuwa juu ya mstari mmoja, za muuzaji wa pili juu ya mstari wa pili, uliolala kidogo zaidi.

Betri hazizeeki hivyo. Seli 124 ndani ya kabati lenye joto moja zilipishana kutoka mizunguko 150 hadi 2,300. Zetu, moja inalala kwenye kibanda cha bati Mbagala, nyingine inachajiwa kivulini Masaki, moja inabeba mtu mmoja, nyingine inabeba magunia ya mkaa, zote zilikuwa zinapungua kwa kiasi kilekile kila mzunguko. Bodi ya BMS ilikuwa haipimi uwezo hata kidogo. Kwa kuwa madereva hawaishushi betri hadi mwisho, na mara nyingi wanaichomoa kabla haijajaa, bodi haipati nafasi ya kuupima. Hivyo aliyeiandikia programu kiwandani aliamua itoe kiasi kidogo kwa kila mzunguko, basi. Mtandao wangu wa neva, pamoja na tabaka zake zote, ulikuwa umejifunza kutoa. Ndiyo maana kosa lilikuwa chini ya asilimia 1. Na ile kemia bora niliyoisifu ilikuwa bodi ya muuzaji mwingine iliyoandikiwa kutoa kidogo zaidi. Nilisifu elektroliti ambayo sikuwa nimeipima hata kwa dakika moja.

Nilikwenda karakanani jioni wakati fundi ameondoka, nikaunganisha betri mbili kwenye kifaa chake nikazishusha mwenyewe. Moja ilitoa asilimia 72 ya uwezo wake, nyingine 66. Kwenye skrini zote zilikuwa juu ya 85.

Sasa nafika pale ambapo sina cha kujitetea. Wawekezaji walikuwa wanakuja, na modeli yangu ilikuwa kwenye karatasi walizokwisha kupewa. Nilijiambia kwamba betri mbili hazitoshi, kwamba nihakikishe kwanza, kwamba nikisema nusu habari nitawavuruga watu. Maneno hayo yana sura ya uangalifu wa kisayansi. Yalikuwa woga. Ningetaka kuhakikisha, ningemwomba fundi asubuhi yake azishushe kumi. Nilikaa kimya majuma kadhaa, na katika majuma hayo madai hayakuacha kuja, na kila dai lilihitaji jibu, na jibu lilikuwa na jina langu chini yake. Betri nzima. Betri nzima. Mojawapo lilikuwa dai la pili la yule dereva wa Buguruni. Nililitambua jina. Nilijua kuna uwezekano mkubwa anasema kweli. Nikalikataa, kwa kuwa kulikubali moja kungenilazimu kueleza kwa nini nilikataa mengine.

Yeye alikuwa anaingiza nusu ya safari alizokuwa akiingiza zamani na anadaiwa hesabu ileile. Akaanza kurudi nyuma. Mkataba una kifungu chake kwa hilo, na kifungu kikafanya kazi yake: pikipiki ikachukuliwa, pamoja na miezi yote aliyokwisha kulipia.

Nilimwambia bosi wangu baada ya wawekezaji kuondoka. Nilijiandaa kwa matusi, sikuyapata. Aliniuliza swali moja, ni madai mangapi tumeyakataa ambayo tulipaswa kuyakubali. Nilishindwa kujibu. Hatukuwa tumepima chochote, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kujua kutoka ofisini. Ilibidi betri zirudi moja moja zishushwe.

Kwa fundi nilikwenda nikiwa sijui nianzie wapi. Shikamoo, marahaba, kisha nikamwambia tu kwamba alikuwa sahihi na mimi nilimvunjia heshima. Hakusema mengi. Alivuta droo akatoa daftari kubwa la mistari, kona zimekunjamana kwa grisi. Kila betri iliyopita mikononi mwake tangu siku niliyomkatalia, alikuwa ameishusha na kuandika: namba ya kasha, tarehe, ampea-saa zilizotoka, joto la kasha kabla na baada, wapi pikipiki inalala usiku. Hiyo safu ya mwisho, wapi inalala, hakuna mhandisi aliyefikiria kuiweka kwenye mfumo wetu. Akanisukumia. "Chukua, mwanangu, uingize humo kwenye mashine yako."

Daftari hilo ndilo lililokuwa data ya kwanza ya kweli kampuni ile ilikuwa nayo. Tulifunza mtandao upya kwa kutumia ampea-saa zilizopimwa, tukiacha betri nyingine nje kabisa kwa ajili ya mtihani, na tukaacha kutazama safari za barabarani. Tukatazama umbo la volti wakati wa kuchaji, dakika za mwisho kabla ya kujaa, ambapo mkondo umetulia na kemia inaonekana. Kosa likawa karibu asilimia 7. Modeli mpya haitoi namba moja, inatoa kiwango cha chini na cha juu, na pale 80 inapoangukia kati ya viwango hivyo betri inaitwa karakanani ishushwe. Naiamini asilimia 7 hii kwa namna ambayo sikuwahi kuiamini ile 1, hata nilipokuwa naringa nayo.

Betri za muuzaji wa pili nazo tulizishusha. Zinazolala kwenye nyumba zenye hewa zilikuwa sawasawa na za muuzaji wa kwanza. Zinazolala chini ya bati zilikuwa mbaya zaidi. Kiongezi cha joto, kama kipo, hakikuwa kinafanya kazi hapa ambapo joto lipo, na mzigo mzima ulikuwa umeshalipiwa kwa ushauri wangu.

Jambo hili limenifanya niangalie kwa hasira kidogo vitu ambavyo zamani nilivikubali. Data nyingi ambazo dunia inafunzia mitandao ya namna hii zinatoka maabara: seli za NASA Ames za ampea-saa 2 zilizotumiwa hadi uwezo wake ukabaki 1.4, seli nane za Oxford kwenye nyuzi 40, zile 124 za MIT na Stanford. Ni kazi njema na zimetolewa bure kwa kila mtu, nami nimefaidika nazo. Lakini hakuna hata moja iliyolala chini ya bati mwezi wa pili. Kinywe kinachimbwa barani kwetu, kobalti ya betri za aina nyingine inatoka Kolwezi, Kongo, kisha vinaturudia ndani ya kasha lililofungwa, na ndani ya kasha mna bodi yenye kanuni ambayo mnunuzi haruhusiwi kuiona. Tukiwa hatupimi wenyewe, tutaletewa kemia iliyoboreshwa kwa ajili ya hali ya hewa ya watu wengine na tutaambiwa inatufaa, na mhandisi kijana ataandika ripoti nzuri kuthibitisha hivyo. Mimi nilikuwa mhandisi huyo.

Dereva wa Buguruni nilimkuta kijiweni, anaendesha pikipiki ya petroli ya mtu kama deiwaka, kibarua wa siku. Nilimweleza yote, pamoja na kwamba dai lake la pili nililikataa nikiwa najua. Alinyamaza, akaniuliza kama mwenye pikipiki yake ya zamani amebadilishiwa betri. Nikamwambia ndiyo. "Basi yule anafika Pugu," akasema, akawasha chombo akaenda kwa abiria aliyekuwa akimwita. Kampuni ilikubali kumhesabia miezi aliyolipa kwenye mkataba mpya. Alichukua siku nyingi kuamua, kisha akakubali. Wengine kwenye orodha ile wamebadilisha namba za simu au wamerudi mikoani, na bado nawatafuta.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaoendesha za mkataba, popote mlipo. Ukiona safari uliyokuwa ukiimaliza huimalizi tena, usikubali asilimia ya kwenye simu iwe jibu la dai lako. Omba betri ichajiwe hadi ijae, ishushwe mbele yako hadi mwisho, na ampea-saa zilizotoka ziandikwe kwenye karatasi yenye sahihi, pembeni ya zile zilizoandikwa kwenye kasha. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ikiwa chini ya kiwango cha mkataba wako, una haki ya betri nyingine, na aliyekuandikia kwamba ni nzima anapaswa kukuonyesha alipimaje.